Mafuta ya taa alinunua nani?

Wacha nianze na ile siku ya mfereji, manake bila hiyo siku sidhani kama ningekaa chini kuandika haya yote.

Kikundi chetu cha maigizo kina watu kumi na mmoja, karibu wote tumekua pamoja huku Kisauni, Mombasa, na kazi yetu ni vipande vifupi vya uwanjani, hakuna jukwaa, hakuna pazia, watu wanasimama mviringo sisi tuko katikati. Kipande tunachokipenda kuliko vyote ni cha mheshimiwa anayekuja kuzindua mfereji wa maji, ule wa koki. Utepe umefungwa, dua imesomwa, kina mama wamepanga mitungi mpaka kule mwisho, mheshimiwa anakata utepe, anafungua mfereji, na mfereji unakohoa. Basi, unakohoa tu. Alafu mheshimiwa anaanza kuuhutubia ule mfereji kama mpiga kura, anaubembeleza, anauahidi bomba jipya, na mfereji kila akimaliza ahadi moja unakohoa tena. Yeyote aliyewahi kulala na mitungi mitupu mlangoni akisubiri maji ya mkokoteni anaijua ile sauti, kwa hivo watu hucheka mpaka wanashikana mabega.

Mwaka wa kampeni tukapata mfadhili. Tenti, spika kubwa mbili, tisheti za wote, chakula cha mchana. Tulifurahi, siwezi kusema uongo, hatujawahi kuwa na spika. Siku moja kabla ya shoo simu ikaingia, sauti ya upole kabisa, ikasema kila kitu kiko sawa ila kile cha mfereji kitoeni, kitaleta picha mbaya. Na mimi ndo ninayeshika daftari la kikundi, mimi ndo nlichukua kalamu nkapiga mstari kurasa nne. Kesho yake tukaigiza kuhusu usafi na amani, watu wakakaa kwenye viti vya plastiki wametulia kama wako kliniki, wakapiga makofi, wakaenda zao. Hakuna aliyetukasirikia. Mimi nlirudi nyumbani nkalia, na mpaka leo zile kurasa nne ziko vile vile na mstari wake.

Wiki hiyo hiyo nlikuwa nakwenda mjini kununua kitambaa kwa mzee mmoja wa Kigujarati mwenye duka dogo, mtu mzima sana, ananijua tangu nkiwa mtoto nafuatana na mamangu kununua leso. Mimi namwita Kaka. Nlikuwa namwita hivo kwa heshima yetu ya Kiswahili, kaka mkubwa, mpaka siku moja akanambia kwao kaka ni ndugu wa baba, ni ami, kwa hivo miaka yote hiyo mimi nilidhani namfanya ndugu yeye anajua nimemfanya ami. Na yeye huniita dikri, yaani binti. Basi siku hiyo akaniona uso, akauliza, nkamwaga yote, mfereji, simu, kalamu. Akanisikiliza akikunja kitambaa. Akamaliza kukunja, akauliza swali moja tu: "Dikri, mafuta ya taa alinunua nani?"

Sikumuelewa. Akaita chai, akaanza kunieleza bhavai, michezo ya kuigiza ya vijijini kwao Gujarat, India.

Yeye kazaliwa hapa hapa Mombasa lakini utotoni alipelekwa kukaa na wazazi wa mamake kaskazini mwa Gujarat miaka michache, na kitu anachokikumbuka kuliko hata shule ni usiku wa bhavai. Anasema kwanza inakuja sauti. Bhungala, zile tarumbeta ndefu nyembamba za shaba, mbili zinapulizwa pamoja nje ya kijiji, na watoto wote wanaacha wanalolifanya. Nlimwambia sisi tuna siwa, akasema anaijua, ila siwa ilikuwa ya wakubwa wa Pate na Lamu, bhungala ni ya watu wa maskhara. Hapo nkaanza kukaa vizuri kitini.

Duara linachorwa chini, mara nyingi mbele ya hekalu la mungu wao wa kike Amba, mienge inawashwa, na wanacheza mpaka alfajiri. Hawachezi hadithi moja, wanacheza vipande, kila kipande kinaitwa veshi, na wahusika wote hata wanawake wanaigizwa na wanaume. Mkuu wa kikundi ni nayaka. Nayaka anaongea vizuri, anauliza maswali ya maana, na pembeni yake yuko Ranglo, mchekeshaji, ambaye kila swali analisikia kombo. Kwa mfano nayaka anauliza habari za kijiji, Ranglo anajibu habari za tumbo la mkubwa wa kijiji. Nayaka anamkemea, na kwa kumkemea anarudia lile neno lenyewe kwa sauti kubwa zaidi ili asiyesikia asikie. Nlipoelezwa hapo nkasema huyu nayaka mjanja kuliko hata Ranglo, manake anafanya kazi ya spika na huku anajifanya anazima.

Kaka anakumbuka usiku mmoja Ranglo alitokea na ndoo isiyo na kitako. Akazunguka nayo duara zima akiionesha watu, akasema hiki ndo kisima alichochimba mukhi kwa pesa za serikali, nyinyi mnasema hakina maji, mimi nasema mmekosa imani, chungulieni. Na mukhi, yaani mkuu wa kijiji, yuko pale pale mbele kakaa kwenye kitanda cha kamba, watu wote wanamtazama yeye hawamtazami Ranglo. Angefanya nini? Akiondoka kakubali. Akikasirika kakubali mara mbili. Akacheka. Na asubuhi yake, na hapa Kaka alinyanyua kidole, asubuhi yake nyumba ya mukhi ndo iliyopeleka unga na samli kwa wale wachezaji, kwa sababu ilikuwa zamu yake na zamu haivunjwi.

Nkamuuliza kwa nini haivunjwi, mtu amekutukana mbele ya watu wako alafu unampelekea samli?

Jibu lake ni hadithi ambayo baadae nliitafuta nkaisoma kwa urefu na nakwambia sijaacha kuifikiria. Bhavai, wanavyosimulia wenyewe, ilianzishwa na mtu anaitwa Asaita Thakar, karne ya 14, Brahmani wa Siddhpur, yaani mtu wa tabaka la juu la makuhani wa Kihindu, msimulizi na muimbaji. Huko Unjha kulikuwa na mkulima mkubwa, Hema Patel, na binti yake Ganga akatekwa na jemadari wa sultani. Asaita akaenda kambini akaimba, jemadari akapendezwa akamwambia omba utakacho, akasema naomba binti yangu. Jemadari akashuku, akasema kama ni binti yako kula naye sahani moja. Kwetu sisi kula sinia moja ni jambo la kila siku, hata mgeni aliyeingia sasa hivi anasogezwa ale, lakini kwa Brahmani wa wakati ule kula na mtu wa tabaka la wakulima ilikuwa ni kujitoa kabisa kwa watu wako. Akala. Binti akaachiwa, na Mabrahmani wenzake wakamtoa kwenye tabaka, hana jamaa hana kazi. Hapo Hema Patel akampa nyumba na shamba, na jamii yake ya Mapatel ikabeba deni la kukilisha kizazi chake. Asaita na wanawe watatu wakageuka watu wa michezo, na watu wa ukoo wao wakaitwa Targala, jina ambalo wengi wanalifasiri kuwa ni nyumba tatu. Inasemwa yeye peke yake alitunga veshi 360, moja kwa kila siku ya mwaka wao.

Kwa hivo yule mukhi na ndoo isiyo na kitako hakuwa anawapa zawadi, alikuwa analipa deni la karne sita. Ukinilisha kwa sababu umependa, kesho unaweza kuacha kupenda. Ukinilisha kwa sababu babu yangu alikula sahani moja na binti yenu, basi mimi nakula na mdomo wangu uko wazi. Hilo ndo Kaka alikuwa ananiuliza. Mienge ya bhavai ilikunywa mafuta mengi usiku kucha, na mafuta hayo ni ya kijiji, yametoka kwa sheria ya kijiji, si ya mtu mmoja. Sisi spika zetu zilikuwa za mtu mmoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu michezo ya vijijini huko India, usiku simu mkononi mpaka macho yanawasha, na kila nnapofika natafuta kitu kile kile, huyu mchekeshaji analishwa na nani.

Chukua tamasha. Sisi tunasema tamasha kwa kila kitu, tamasha la muziki, tamasha la shule, lakini kule Maharashtra tamasha ni aina maalum ya mchezo, una ngoma inaitwa dholki, una nyimbo za lavani, una mpangilio wake. Unaanza na gan, nyimbo ya kumsifu mungu wao Ganesha, alafu gaulan, alafu mwisho kabisa vag, ndo mchezo wenyewe, na ndani ya vag ndo unampata songadya, mchekeshaji, ambaye anaweza kukatiza mfalme wakati wowote akaongelea bei ya unga ya jana. Gaulan ndo iliyonishika mimi. Ni wasichana wanapeleka maziwa sokoni Mathura, njiani wanamkuta mungu Krishna na rafiki yake Pendya wamefunga njia, hampiti mpaka mlipe, na wasichana wako na mama yao mdogo mkali anaitwa Mavshi, huyo anaigizwa na mwanamume, anabishana nao kila senti. Ni hadithi ya dini, kila mtu anaijua, lakini unadhani mama anayepeleka mboga sokoni na kila pembe kuna mtu wa ushuru anamuomba kitu anasikia dini peke yake pale? Mchezaji hahitaji kutaja jina la mtu. Anaongeza tu neno risiti na kijiji kizima kinaanguka.

Lakini tamasha haikuwa na Hema Patel. Wachezaji wake wengi walitoka tabaka za chini kabisa, Mahar na Mang, wale ambao hata kisimani hawakuruhusiwa, na wakati wa Mapeshwa, watawala wa Pune, karne ya 18, wakubwa walikuwa wanawaita kuwaburudisha na kuwatuza na huku kuwagusa hawawagusi. Baadae ikawa ni tiketi na mahema, unalipwa na umati, na umati ukitaka wanawake wacheze kuliko maneno basi unawapa wanawake wacheze. Kuna mama mmoja maarufu sana, Vithabai Narayangaonkar, malkia wa tamasha wanavyomuita, alitunukiwa mpaka na rais wa India, na habari yake inayosimuliwa kila mahali ni kwamba alijifungua nyuma ya jukwaa katikati ya shoo. Akafa mwaka 2002, na alikufa maskini. Mimi nikisoma watu wanaandika jinsi sanaa hii ilivyo shujaa na haina woga, najiuliza mbona ushujaa wote unabebwa na watu hawa hawa wasio na kitu. Siwezi kulipita hilo. Na tena si kila mzaha wa kule ulikuwa unapiga juu, ziko veshi za bhavai zinazomcheka mtu wa tabaka la chini, mwanamke, Muislamu, na huo mimi siutaki hata ukichezwa kwa ustadi wa aina gani.

Aliyenipa moyo ni Annabhau Sathe. Amezaliwa 1920 kijiji cha Wategaon, mtu wa Mang, shule alikaa siku moja na nusu hivi ndo inavyosemwa, akafika Bombay akafanya kazi viwandani, akawa mkomunisti. Mwaka 1944 yeye na wenzake, Amar Shaikh na D. N. Gavankar, wakaanzisha kikundi chao cha bendera nyekundu, wakaichukua ile tamasha iliyodharauliwa wakaijaza mambo ya wafanyakazi, wenye viwanda, wakopeshaji. Pale kwenye gan, mahali pa Ganesha, akaweka heshima kwa nchi na kwa mashujaa wa watu. Serikali ya Bombay ilipopiga marufuku tamasha yeye akaacha neno tamasha akasema hii ni loknatya, mchezo wa watu, na kazi ikaendelea. Watu wake walilishwa na nani? Na wafanyakazi wa viwanda, mtu mwenye senti mbili anatoa moja. Hapo nlipiga mstari kwenye daftari langu, safari hii mstari wa chini si wa katikati.

Afu kuna Kashmir, na hapa nakaa kidogo manake hapa nlijisikia niko nyumbani. Mchezo wao unaitwa bhand pather, wachezaji wengi ni Waislamu, wanacheza kwenye viwanja vya makaburi ya mawalii wao, na mchekeshaji wao anaitwa maskhara. Maskhara! Neno letu lile lile, mamangu aliyekuwa akinikanya nisifanyie watu maskhara alikuwa anaitaja kazi ya mtu bila kujua. Na zumari yao inaitwa swarnai, ukiisikiliza kwenye simu utasema ni zumari ya ngoma ya harusi huku pwani, ile ile ya kulia puani, ndugu moja baba moja.

Kashmir imetawaliwa na wageni karne baada ya karne, na bhand pather imejengwa juu ya hilo. Mfalme anaingia anaongea Kiajemi, kwenye mchezo mwengine anaingia Muingereza anaongea Kiingereza chake, na kina maskhara ni watu wa kijijini hawaelewi hata neno. Anaamrisha hiki, wanasikia kile. Anataka kodi, wanadhani anaumwa wanamtafutia mganga. Na mfalme ana kiboko, koder, kimetengenezwa kikipigwa kinalia kama bunduki lakini hakiumizi, basi kila kiboko kinapolia maskhara anaanguka anagaagaa na watu wanacheka, na unajua kabisa kwamba babu za wale wanaocheka walipigwa viboko vyenyewe, vinavyoumiza. Kuna kijiji cha Akingam, Anantnag, ndo kitovu chao. Walikuwa wanazunguka vijijini wakati wa mavuno na kila nyumba inatoa mpunga. Tena mpunga wa wote, si wa mmoja. Miaka ya 1990 vita vilipopamba moto zumari zikanyamaza, huwezi kukusanya watu usiku uwanjani wakati kila upande una bunduki za kweli, baadae zikarudi kidogo kidogo.

Mahali pengine nitapita haraka. Bengal wana jatra, maigizo yao ya vijijini, na wakati wa kupigania uhuru Mukunda Das wa Barisal alizunguka vijijini akiimba kwamba ghala lilikuwa limejaa mpunga mpaka panya weupe wakaja wakalimaliza. Kila mkulima alijua panya weupe ni kina nani, na Waingereza pia walijua, wakamfunga. Sheria ya kuzuia michezo walikuwa nayo tangu 1876, inaruhusu serikali kuzuia mchezo wowote unaoonekana wa kashfa au wa uchochezi, na India huru ikaishi nayo miaka na miaka, imefutwa juzi juzi tu, zaidi ya miaka 140 tangu kutungwa. Sheria lakini ina shida na watu hawa. Inataka karatasi, na Ranglo hana karatasi. Ofisa atasoma nini, kikohozi?

Serikali yenye akili inafanya kinyume, haifungi, inalipa. Mwaka 1954 wizara ya habari ya India ilianzisha idara ya nyimbo na maigizo, na wachezaji wa vijijini wakaanza kupewa kazi, cheza kuhusu uzazi wa mpango, cheza kuhusu usafi, cheza kuhusu mipango ya maendeleo. Sisemi yalikuwa mambo mabaya, mtoto aliyechanjwa ni mtoto aliyechanjwa, na msanii aliyekuwa na njaa alikula. Lakini nilivyosoma hapo niliona zile tisheti zetu. Niliona viti vya plastiki na watu waliotulia.

Na sisi huku mambo haya si mageni hata kidogo. Muyaka bin Haji, 1776 mpaka 1840, malenga wa Mvita hii hii, mashairi yake yalikuwa ni mishale, lakini angalia mishale yake mingi ilirukia wapi, Lamu na Unguja, kwa maadui wa Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa, na yeye alikuwa mtu wa karibu wa Mazrui. Nampenda Muyaka na nitaendelea kumpenda, ila sasa nikimsoma nauliza swali la Kaka. Bibi yangu alikuwa mtu wa lelemama, ngoma ya kina mama wa pwani, na anasema nyimbo kali kabisa za kumsema mtu mkubwa zilitoka kwenye chama ambacho kila mwanamke alitoa mchango wake wa sare na wa chakula, hakuna aliyeweza kusema hii ngoma ni yangu. Na bara huko, Kamirithu karibu na Limuru, wanakijiji walijijengea ukumbi wao wazi kwa mikono yao, wakaigiza kwa Kigikuyu mambo ya ardhi na mishahara, mwaka 1977. Kibali kikafutwa, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wa mchezo huo, akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo huo, na 1982 ule ukumbi wakaubomoa. Simu ya upole haikupigwa Kamirithu. Ungempigia nani, wakati mafuta yalikuwa yao?

Nliyabeba haya yote nkapeleka kwenye kikao cha kikundi. Haikuwa rahisi. Kuna wenzangu walisema, na wana haki, kwamba wana watoto, kwamba ile chakula ya mfadhili ilikuwa ndo chakula ya siku, kwamba mimi naongea mambo ya India na kodi ya nyumba ni ya Mombasa. Sikuwa na jibu la kodi ya nyumba. Tulibishana mpaka saa nne usiku. Mwisho tukakubaliana kitu kidogo tu, kwamba kipande cha mfereji tutakicheza, lakini kitachezwa siku ambayo hakuna pesa ya mtu mmoja ndani yake, na siku zengine tutaendelea na kazi za kulipwa kama kawaida. Mimi nilitaka zaidi. Nlikubali.

Tukapitisha karai mtaani wiki mbili. Karai la chuma la mama anayepika viazi vya karai, alitukopesha mwenyewe. Shilingi tano, kumi, ishirini, fundi wa baiskeli alitoa mia, mama wa mahamri akasema hana pesa ila siku hiyo wachezaji watakula mahamri na mbaazi kwake. Ikafika 1,860. Kaka nlipompelekea habari akafungua droo akanipa noti, nkakataa, nkamwambia toa kiasi cha wenzako. Alinitazama muda, akairudisha noti, akatoa sarafu ya ishirini. Sijawahi kumuona na furaha ile.

Jumamosi usiku, uwanja wa mchanga nyuma ya msikiti baada ya isha, jenereta la kukodi, lita tatu za mafuta tumenunua wenyewe na risiti nimeibandika kwenye daftari, ukurasa unaofuata zile kurasa nne. Balbu mbili. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, watoto wamekaa chini mbele kabisa. Na kiongozi mmoja wa hapa kwetu, sitasema cheo, akaja pia, nadhani alisikia kuna watu wengi, akapewa kiti. Mwenzetu anayeigiza mheshimiwa akanigeukia uso umebadilika, akaniuliza kwa macho. Nkamuonesha mitungi.

Utepe ukakatwa. Mfereji ukakohoa. Kwa sekunde hivi hakuna aliyecheka, shingo zote ziligeuka zikamtazama yule bwana kitini, watoto, kina mama, wazee wa barazani, wote. Yeye akatazama mchanga. Alafu bibi mmoja nyuma kabisa, mwenye mtungi wake wa kweli mkononi manake alikuwa njiani kutafuta maji, akapaza sauti: "Mpe pole huyo mfereji, kifua kimembana tangu uchaguzi ule mwengine!"

Hilo halikuwa kwenye daftari. Nimeliandika sasa.